Pua Ileile

Domo alipouona ule mlango, mate yalimjaa kinywani. Mbao nzito, maua yamechongwa toka juu mpaka chini, halafu umesimama tu pale mtaani bila mlinzi! Alimjua mnunuzi wa vitu vya kale ambaye angeukumbatia kama mchumba.

Akaingia na wageni wengine kulitazama jumba. Ukutani sebuleni palitundikwa picha ya kijana wa zamani, na chini yake maandishi: "Mtoto wa pili wa mwenye jumba. Aliondoka, hakurudi. Ukoo bado unawasubiri wajukuu zake."

Basi, jamani, mjukuu akapatikana hapohapo.

"Bibi," Domo alimwambia kikongwe aliyekuwa akifuta vumbi, sauti ikitetemeka kwa ufundi, "yule pale ni babu yangu."

Bibi akadondosha kitambaa. "Mjukuu wangu! Pua ileile! Mjomba, njoo uone, wa kwetu amerudi!"

Mjomba, jibaba lenye upara na chokaa kwenye ndevu, akaja mbio, akamkumbatia nusura amvunje mbavu. Domo akatoa machozi. Alikuwa nayo ya akiba. Kisha akauliza kwa upole kama mjukuu anaweza kuchukua kumbukumbu ndogo ya babu. Mlango, kwa mfano.

"Chukua, mwanangu, ni urithi wako," Bibi akasema. "Ukimaliza zamu tu."

"Zamu gani?"

"Kila mtu wa ukoo huu ana zamu zake za kulitunza jumba. Babu yako aliondoka bila kufanya hata moja, maskini. Zote zinakusubiri wewe."

Mjomba akamkabidhi brashi na ndoo ya chokaa.

Siku mbili tatu, Domo akajiambia, mlango wangu. Loo! Alipaka kuta, akaziba paa, akapiga ngazi msasa mpaka magoti yakaota sugu. Mikono ambayo haikuwahi kubeba kitu kizito kuliko pochi ya mtu mwingine ikajaa malengelenge. Zamu ya mwisho ikawa mlango wenyewe: kila ua kwa mswaki, kisha kwa mafuta. Ua la nne kutoka chini alilipenda kuliko yote, ila hakumwambia mtu.

Adhuhuri moja, Bibi akiwa ndani, mnunuzi akafika na mkokoteni kama walivyopanga. Akachomeka patasi kwenye bawaba.

"We! Toa mikono yako michafu!" Domo aliruka. "Hilo ua nimelisugua siku nne!"

Hata yeye alishangaa nani kasema. Mnunuzi akamtukana, akaburuta mkokoteni wake, akaenda zake.

Dirishani Bibi alikuwa hoi kwa kicheko. "Mjomba alipiga kelele hizohizo wiki ya kwanza tu. Yeye alikuja kufuata taa."

Domo akasogea dirishani. "Kwani Mjomba si wa ukoo?"

"Ukoo gani, mwanangu? Wenyewe walikwisha zamani. Mimi nilikuja kuiba saa ya ukutani, nikamkuta mzee mmoja na ndoo. Naye alikuwa amekuja kuiba zulia."

"Na babu wa kwenye picha?"

"Simjui. Nilimnunua sokoni."

Domo akajifuta mafuta mikononi. Alitaka kuondoka, wallahi alitaka. Lakini alipogeuka, alimkuta bwana mmoja wa suti kizingitini, macho yamelowa tayari.

"Samahani, kaka," bwana akasema kwa kwikwi. "Ile picha ya sebuleni... yule ni babu yangu."

Domo akamtazama toka viatu mpaka nywele, kisha akafungua mikono.

"Ndugu yangu! Pua ileile!" akalia, huku akiisogeza ndoo kwa mguu.