Hiyo "Kwenda" ya Tulia

Leo nimeaibishwa, tena kanisani, na sitaki mtu aniambie pole huku anacheka.

Darasa letu la masomo ya amani lilikuwa Tulia, Kitui, kutembelea makanisa mawili yaliyokuwa moja hadi waumini walipokosana juu ya kinanda. (Ndiyo, kinanda.) Sasa yanatazamana ng'ambo ya barabara na watu wake hawasalimiani. Mimi ndiye kiongozi wa kundi. Mwalimu alikuwa ameshanionya: "Mercy, tusipendelee upande wowote. Tukichelewa kwa hawa wa pili watatufungia mlango, na hakuna ripoti."

Kwa hivyo pasta wa kwanza alipopitisha muda, nilikuwa kama nimekalia miiba. Akasema tufumbe macho. Nikafumba. Akaingia Kikamba, na mimi wa Busia sijui hata salamu. Halafu nikasikia: "Nuu ukwenda...?"

Kwenda! Hatimaye! Nikajua anauliza nani anataka kwenda. Nikainua mikono yote miwili.

"Haleluya! Dada mgeni!"

Jamani, kwa Kikamba "kwenda" ni kutaka. Alikuwa anauliza nani anataka Yesu! Mimi! Mwimbishaji wa ushirika wa chuo! Niliyeokoka tangu kidato cha pili!

Wamama wawili wakanishika mikono hadi mbele.

"Pasta, mimi nimeokoka kitambo."

"Huyo ni shetani anakuongelesha. Piga magoti, dada."

Nikapiga. Brayo, mwanafunzi mwenzangu, anarekodi na simu (tutaonana, Brayo). Mwalimu anaangalia viatu vyake. Na pasta, kwa spika iliyoelekezwa barabarani: "Wageni wa chuo wamechagua kwetu!"

Sijachagua mtu!

Tulipovuka, mzee wa kanisa la pili alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Si mlishachagua? Sasa mnakuja huku kufanya nini?"

Nikaeleza. Kwenda, kutaka, Busia, kila kitu. Akasikiliza hadi mwisho bila hata kutabasamu.

"Sawa, msichana. Ingia. Lakini kama umeokoka kule, utaokoka na huku pia, ndio tuwe sawa."

Nikamtazama mwalimu anitetee. Mwalimu akanionyesha mbele kwa kidevu.

Kwa hivyo nimeokoka mara mbili kabla ya chakula cha mchana, na tangu nizaliwe sijawahi kutaka kumpiga mtu hivi.