Akiba ya Uzeeni Haipokewi Mara ya Kwanza

Jumatatu, 4 Novemba
Marisela, mwanamke mpya wa ofisi ya mishahara, kanijia na fomu ya akiba ya uzeeni. Nikiweka dola, kampuni inaongeza dola. Mwisho Ijumaa. Moyo uliruka! Lakini sisi watu wa Minnesota, huku kaskazini mwa Marekani, tuna adabu zetu: ukipewa kitu, unakataa mara mbili, ya tatu ndipo unapokea, tena kwa kunung'unika. Nikamwambia asijisumbue. Gordy wa mashine ya pili pale kiwandani akasaini papo hapo. Mara ya kwanza! Mlafi mkubwa. Na gari lake lina miaka kumi na tisa. Fukara wa kujitakia.

Jumanne, 5 Novemba
Kwa kuwa akiba ni kama ipo mfukoni, nimenunua kibanda cha kuvulia samaki juu ya ziwa likiganda barafu. Kina jiko, vitanda na televisheni! Dola elfu nne mia tisa. Mke wangu Arlene kauliza kama samaki ndio watatulipa. Anapika shuleni, ana miaka sitini na tatu, magoti yamekwisha. Anataka kuacha kazi Juni. Nikamwambia aache hata Mei. Wanawake bwana, hawana imani.

Jumatano, 6 Novemba
Marisela karudi. Nimekataa mara ya pili, kwa tabasamu ili aelewe. Kasema sawa, kaenda zake. Kesho!

Alhamisi, 7 Novemba
Hakuja. Nimepita mlangoni pake mara sita nikikohoa. Kanipa peremende ya kifua. Nikaikataa. Gordy kasema niingie tu, niombe fomu. Niombe! Kwani mimi ombaomba?

Ijumaa, 8 Novemba
Ofisi imefungwa, muda umekwisha. Kumbe Marisela katokea Texas, kusini kabisa. Huko mtu akisema hapana, eti wanamwamini! Watu gani hao? Arlene alikuwa anajipaka dawa magotini. Kauliza kama kibanda kinarudishwa dukani. Hakirudishwi. Nikaona aibu, nakiri. Dakika tano hivi.

Jumatatu, 11 Novemba
Saa kumi na mbili asubuhi, simu. Marisela! Muda umeongezwa hadi adhuhuri leo, je, nimebadili mawazo? Arlene kanikodolea macho. Nikamshukuru sana Marisela, nikamwambia asijisumbue. Mara za wiki jana hazihesabiki, lazima mtu aanze upya. Nimemweleza Arlene imebaki kukataa mara moja tu, avumilie. Alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu vya kazini.