Vita vya Mapipa Mawili, Ghorofa ya Nne

Krooo! Krooo! Kabla jicho halijaona lolote, sikio lilisikia mkoromo mzito, mkavu, kama wa jitu lililolala na njaa, ukitoka pembe ya sebule na kutetemesha vijiko. Enyi mlioketi na enyi mlio njiani, enyi wafugaji wa samaki nanyi msio na hata paka, wekeni chini mlichoshika mnisikilize! Nawasimulia habari za Ognyan mwana wa Petko, fahari ya ghorofa ya nne mjini Stara Zagora, Amiri wa Bahari Isiyo na Pwani, mtu aliyebadilisha maji. Nilikuwepo, maana mkewe Desislava ni dada yangu, na Jumapili hiyo nilikuwa nimekuja kula.

Mkoromo ule ulikuwa wa pampu ya tangi lake la kioo, mlimokaa samaki wawili wa rangi ya chungwa na tumbawe moja la zambarau lenye vidole laini. Maji yalikuwa yamepungua kwa kupuuzwa hata pampu ikawa inafyonza hewa. Siku alipolileta tangi hilo, akaiteremsha meza ya kulia ya dada yangu hadi stoo, Ognyan aliapa kwamba kila Jumapili atatoa ndoo moja ya maji ya zamani na kutia ndoo moja ya maji mapya ya chumvi. Jumapili ya kwanza alitimiza. Ya pili kulikuwa na mechi. Tangu hapo, hakuna Jumapili iliyokosa mechi. Na sasa tumbawe limejikunja kama ngumi, na halifunguki.

Desislava akasimama mbele ya kioo, mikono kiunoni.

"Mume wangu, Sikukuu ya Mtakatifu Nikola hiyo inakuja, na wageni watakuja na njaa zao. Tumbawe likifungua vidole leo, watakula wamesimama, nitawaambia ndio mtindo. Likibaki hivyo, tangi linatoka, meza yangu inarudi. Nimemaliza."

Shujaa akainuka kochini kama mlima unaohama.

"Ndoo moja ni ya wanyonge!" akanguruma. "Leo naimwaga bahari yote, hadi tone la mwisho, niijaze upya!"

Hapo ndipo alipotoka jikoni, mwiko mkononi, mama yetu, Baba Tsonka (kwetu 'baba' ni bibi mzee), Mlinzi wa Kabichi. Jana yake tu alikuwa amepanga kabichi zake za majira ya baridi katika pipa la roshani, kama kila nyumba ya ngazi ile, akazimiminia maji ya chumvi. Na kazi yake tangu hapo ilikuwa kuyatoa maji hayo kwa koki ya chini na kuyarudisha juu, ili chumvi itembee sawasawa.

"Umwage yote? We baba, una wazimu? Wewe nikikutoa kwenye maji uliyoyazoea nikakutumbukiza mengine ghafla, hutazimia? Hata kabichi zangu sizifanyii hivyo, na hazina macho."

"Mama! Usifananishe ufalme wa bahari na achari!"

"Chumvi ni chumvi, mkwe wangu. Ila yangu inalika."

Nilicheka. Amiri akanitazama, nikarudi kwenye pilipili yangu ya kuchoma.

Akakubali ndoo moja, kwa huzuni ya jemadari aliyenyimwa jeshi. Akafyonza bomba la plastiki ili maji yashuke, akaionja bahari yake, akakohoa, akaendelea. Ndoo ikajaa maji ya manjano. Kisha akatoka kwenda roshanini na ndoo safi, kidevu juu, maana majemadari hawatazami chini. Na roshanini yalisimama mapipa mawili ya buluu, yaliyonunuliwa soko moja siku moja: moja la kabichi, moja la maji ya tumbawe, yaliyopashwa joto kwa kijiti cha umeme.

Nyiii! ikalia koki.

Baba Tsonka akaganda, mwiko hewani. "Huo mlio wa koki yangu!"

Ognyan alikwisha kuingia, amekwisha kuinua ndoo juu ya ukingo wa tangi, samaki wamekwisha kutazama juu.

"Simama hapo! Tia kidole!" mama akafoka.

Akatia. Maji yalikuwa baridi kama kizingiti cha Januari. Na chini ya ndoo, ikizunguka taratibu, punje ya mahindi, moja ya zile anazotia mama ili maji yapate rangi.

"Mahindi," akasema kwa sauti ndogo.

"Samaki wako siku hizi wanakula mahindi?" dada yangu akauliza.

Shujaa akageuka. Akairudisha ndoo roshanini, akapanda kigoda, akaimimina juu ya kabichi. Baba Tsonka akapiga makofi. "Mashahidi mpo! Tangu amwoe binti yangu, leo ndiyo mara ya kwanza amezungusha maji ya kabichi. Tena kwa makosa!"

Kisha Ognyan akafungua pipa lililo lake, akatia kidole, akamimina ndani ya tangi polepole, kama anayelisha mtoto mchanga. Akaongeza jagi la maji yasiyo na chumvi, fidia ya yale yaliyopotea hewani, na jitu likaacha kukoroma. Chakula kikapoa, hakuna aliyekigusa. Hatimaye kidole kimoja cha zambarau kikanyooka. Kikafuata cha pili. Desislava akainama, pua kwenye kioo, akatazama kwa muda mrefu.

"Watakula wamesimama," akasema.

Naam, miji imetekwa kwa kelele nyingi na faida ndogo kuliko hii! Ognyan akainua glasi yake ya rakia, pombe yetu kali ya matunda, shati limelowa, akamgeukia mama mkwe.

"Mama, mbele ya tumbawe na mbele ya kabichi nakuahidi: kila Jumapili, mechi iwepo isiwepo, ndoo moja huku, ndoo moja kule. Na kabla sijamimina, nitatia kidole."