Mbwa Aliyeheshimu Wahandisi

Kanali Izzat alipotangaza kwamba kikosi chake cha kupambana na dawa za kulevya kitachukua mbwa wa kuokotwa na kuwafunza kunusa hashishi, Cairo nzima ilicheka. Shalabi, tapeli asiye na kazi, peke yake alinyanyuka akaenda kuchana nywele. Alifika kituo cha mbwa waliookolewa kule Giza, akamchagua Filfili, koko wa sikio moja ambaye maishani hakuwahi kunusa kitu zaidi ya maini ya kukaanga, kisha akajipeleka kwa Kanali akijiita mkufunzi.

"Nipe ajira ya kudumu, afande, nami nikupe pua ya serikali."

"Nione kwanza," alisema Kanali, akamkabidhi kipande cha hashishi cha kufundishia.

Kipande kiliingia mfukoni mwa Shalabi kikakaa humo kungoja mteja. Filfili alifundishwa jambo moja tu: akisikia "mhandisi", aketi mbele ya aliyeitwa, apewe ini. Na Cairo, yeyote mwenye shati safi huitwa mhandisi. Nani angeshtuka?

Siku ya majaribio askari walipangwa mstari, mmoja wao kapewa hashishi aifiche mwilini. Shalabi aliomba kimya, eti pua ya mbwa ina haya. Akapita taratibu akizisoma nyuso mpaka akamfikia aliyekuwa akitiririka jasho.

"Inua mikono, mhandisi."

Filfili akaketi. Wakampekua: hashishi hii hapa! Wakabadilisha askari, wakarudia, na Filfili akaketi tena penye jasho. Kanali Izzat alishindwa kujizuia, akamkumbatia Shalabi.

"Kazi ni yako! Wallahi wewe ndiye mhandisi!"

Filfili akaja mbio, akaketi mbele ya Shalabi, akamkodolea macho.

"Kanizoea tu, afande..."

"Mbwa huyu hajakosea leo. Mpekueni!"

Kipande kikatoka mfukoni. Shalabi alipiga magoti, na hapo, kwa shida kubwa, akasema kweli.

"Afande, mbwa ni feki! Hanusi chochote! Anajua neno tu!"

"Kila anayekamatwa humsingizia mbwa," alisema Kanali, akimvisha Filfili kola ya kikosi.

Koplo akafungua mlango wa mahabusu. "Karibu ndani, mhandisi."

Filfili akaketi mbele ya Shalabi. Shalabi alimtazama kwa uchungu, akatia mkono mfuko wa pili, akampa ini lake.