Uhakiki wa Ana kwa Ana

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza ya wiki ya bima. Hakuja mtu. Hata mmoja!

Zamani wiki hii ilikuwa yangu. Watumishi wote wa jiji, kuanzia zimamoto hadi makaburini, walipanga foleni mlangoni kwangu kusajili wategemezi wao kwenye bima ya afya. Nilijua nani kajifungua, nani kaoa mke wa pili kimya kimya, nani anaficha kisukari. Waliniita Mzee wa Bima. Kisha akaja Mtaalamu. Huyu ni kijana wa kitengo cha kompyuta, anavaa raba nyeupe kazini na hakuna anayemkemea. Mwaka jana akahamishia usajili wote kwenye simu. Mtu anabonyeza akiwa chooni, kwisha. Benchi langu la foleni sasa limebeba maboksi yake.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kunisikia. Foleni nzima ningeisamehe. Ninayemkosa ni mmoja: Mama Leseni, wa dirisha la leseni za biashara, chini kabisa. Mjane, anaishi na mama yake mzazi, na huyo bibi ndiye mtegemezi wake. Kila mwaka alikuja kumsajili upya, akakaa kwenye kiti changu cha wageni, na shughuli ya dakika tano ikala asubuhi nzima. Alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi. Mwaka jana alibonyeza simu.

Jioni nimekula maharage nimesimama, kwenye sufuria. Nikikaa mezani peke yangu naonekana kama nangoja mtu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Uhakiki!

Neno tamu sana hili. Hakuna bosi anayethubutu kulipinga. Nimeandika waraka: kila mwenye mtegemezi afike mwenyewe, ana kwa ana, chumbani kwangu. Asiyefika hadi Ijumaa jioni, kadi ya mtegemezi wake inasimamishwa. Nikampelekea Mkurugenzi wa Jiji, mama mwenye haraka ya kudumu. Alisaini huku anaongea na simu. Akaniuliza pembeni kama kweli tuna wategemezi hewa. Nikamjibu tunao wengi, inatisha. Simfahamu hata mmoja.

Mtaalamu kanuna. Eti watu watapoteza muda. Wivu tu!

Nimenunua kikombe cha pili cha chai. Nilikuwa nacho kimoja, na sikuwahi kuona upungufu.

Alhamisi, 6 Machi

Wamekuja! Jana kimya, leo wote kwa mpigo. Hawakusoma waraka mpaka waliposikia habari ya kadi kusimamishwa.

Madereva wa taka wamekuja na magwanda yao na harufu yao. Zimamoto wamekuja na gari, ving'ora juu, maana wakiitwa kazini wasichelewe. Mama mmoja wa bustani za jiji kaleta watoto wote, na mdogo kanikojolea kwenye droo. Dereva mmoja kafungua mdomo wote kunionyesha jino, kauliza kama bima inalipa. Nilimwambia ngoja tulitazame vizuri. Tulilitazama muda mrefu. Wakati huo walio nje walikuwa wanapiga mlango na kunitaja kwa majina ambayo sitayaandika hapa.

Sijali. Koo limenikauka kwa kuongea! Sikumbuki mara ya mwisho hilo lilitokea lini.

Ila yeye hakuja. Kila mlango ulipofunguka nilinyoosha tai. Mlangoni akawa mtu mwingine, na mwingine. Chai kwenye kikombe cha pili nimeinywa mwenyewe, imepoa.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuja.

Saa za kazi zilipokwisha Mtaalamu akapanda. Akasema, kwa ile sauti yake ya kubembeleza wazee, kwamba wachache waliobaki huenda wako likizo au wanauguza, si tuwaongezee wiki? Nikamuuliza tangu lini raba nyeupe zinaamua mambo ya bima. Nikamwamuru azime kadi za wote ambao hawajafika. Aliniuliza mara ya pili kama nina hakika. Nikasema hakika ninayo ya kugawa.

Niliona jina la Mama Leseni kati ya waliobaki. Liliniuma kidogo. Ghorofa ya chini hadi ya tatu, mtu anashindwa kupanda? Nikajisemea, kadi ikizimwa atapanda tu.

Jumapili, 9 Machi

Nimepiga pasi mashati. Yote. Hata yasiyotoka nje siku hizi.

Simu imelia mara moja. Mtu kakosea namba, anatafuta fundi bomba. Sikumwambia haraka. Tuliongea vizuri sana kuhusu sinki lake. Nilimshauri afunge koki kuu kwanza. Alipogundua kwamba mimi siye, alicheka, akaniaga kwa adabu. Nimekaa na simu mkononi mpaka redio ilipomaliza taarifa ya habari.

Jumatatu, 10 Machi

Siku mbaya.

Asubuhi nilishuka kidogo kuchungulia dirisha la leseni. Nilikuwa najipitisha tu, naelekea mahali pengine. Kiti chake kitupu. Mwenzake akaniambia, kwani sijui? Mama yake alianguka bafuni Jumatano, kavunjika nyonga. Mama Leseni yuko naye hospitali tangu siku hiyo. Upasuaji ulikuwa uwe leo asubuhi, lakini mapokezi wamekataa kadi. Eti imesimamishwa na jiji.



Sikungoja gari. Nilikimbia. Mtu wa umri wangu, tai begani, barabara nzima inanitazama! Nikamkuta bibi kwenye kitanda cha magurudumu, kimesukumwa ukutani, macho kafumba, midomo imekauka kwa kukaa bila kula akingoja upasuaji. Mama Leseni kamshika mkono. Aliponiona akasimama, akasema, "Kaka yangu, afadhali wewe umekuja." Laiti angenipiga kofi.

Nikamwendea dada wa mapokezi. Nikamwambia mimi ndiye bima, afungue. Akaniambia kwa upole kwamba ananiamini, lakini utaratibu ni wetu wenyewe: kadi iliyosimamishwa inathibitishwa kwa simu ya mezani ya ofisi ya bima tu. Si kwa mdomo, si kwa simu ya mkononi, si kwa kitengo kingine. Utaratibu huo naujua. Niliutunga mimi, ili Mtaalamu asiguse kazi yangu.

Nikamwomba apige basi. Akapiga. Nilisimama pale mbele yake nikisikia simu ya mezani kwangu inavyolia. Inalia, inalia. Hakuna wa kuipokea, kwa sababu wa kuipokea ni mimi. Nikampigia Mtaalamu avunje utaratibu, aingie aipokee. Akasema mlango umefungwa. Ni kweli. Ufunguo ninao mimi peke yangu, mfukoni.

Nikarudi mbio. Sijui nilivukaje barabara. Ngazi za ofisi nilizipanda nusu kwa miguu, nusu kwa mikono. Mtaalamu alikuwa mlangoni kwangu, akachukua ufunguo mkononi mwangu akafungua, maana mimi nilikuwa nachoma choma pembeni ya kitasa. Simu ikalia. Dada wa mapokezi akauliza, kwa sauti ya kazi, kama anaongea na ofisi ya bima. Nikashindwa kujibu. Pumzi! Mtaalamu akanishika bega, akaniambia, "Taratibu, mzee. Sema ndiyo." Nikasema ndiyo.

Bibi aliingizwa chumba cha upasuaji mchana.

Jumanne, 11 Machi

Bibi ametoka salama. Nimeambiwa, sikuthubutu kwenda.

Mkurugenzi kaniita. Safari hii hakuwa na simu. Akasema uhakiki umekwisha, leo hii, na nisilitamke tena neno hilo ndani ya jengo lake. Kadi zote zifunguliwe. Bima yote irudi kwenye simu, na ufunguo wa pili wa chumba changu apewe Mtaalamu. Nikatoka na mkono mfukoni, nimeushika ule wa kwanza.

Mtaalamu alikwisha kufungua kadi zote tangu jana, kabla hajaambiwa. Hakunitangaza kwa watu. Hili nalo linaniudhi.

Jumatano, 12 Machi

Amekuja!

Alipanda kuomba ruhusa ya kuuguza, kisha akabisha kwangu. Akakaa kwenye kiti cha wageni. Mwaka mzima nilikiota kiti kile kikiwa naye, na leo sikuweza kumtazama.

Akasema mama yake anakula vizuri, na anauliza yule bwana mwenye tai begani alikuwa anakimbizwa na nani. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema kaambiwa na mwenzake dirishani kwamba uhakiki niliuanzisha mimi. Kwa nini?

Nikaanza habari za wategemezi hewa na matumizi bora ya mfuko. Akaninyamazisha kwa mkono. Akatazama kiti alichokalia, kilivyofutwa. Akatazama vikombe viwili. Akanitazama mimi, muda mrefu, na nikajua amejua. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, joto mpaka masikioni.

Akasema hasira anayo na atakaa nayo kwa muda. Mama yake alilala njaa ukutani asubuhi nzima. Alisimama, akashika mlango, kisha akageuka. "Kaka, mimi nipo hapo chini kila siku. Ukitaka kuongea na mtu, si ushuke tu? Kwani nitakula?"

Akaondoka. Sikumpa hata chai. Nilisahau.

Ijumaa, 14 Machi

Karudi kazini, dada yake kampokea zamu ya hospitali.

Nikaamua kushuka. Nilivaa shati la bluu. Nikafika ghorofa ya pili, vizuri. Nikafika ya kwanza. Nikasimama kwenye kona ya ngazi, pale panapoonekana dirisha la leseni lote. Alikuwa anamhudumia muuza mbao. Ana miwani mipya, inamkaa. Mtaalamu alikuwa kaegemea kaunta anatafuna karanga, anapiga soga tu, hana faili, hana sababu. Watu wengine wanawezaje? Anafika, anaegemea!

Nilijaribu kutunga sentensi ya kwanza. "Habari za leseni?" Hapana. "Bibi anaendeleaje?" Nikiuliza hilo atakumbuka kilichomlaza ukutani. Nilisimama mpaka mfagiaji akaniomba nisogee. Akauliza kama nimepotea. Nikasema nakagua ngazi. Akanionyesha moja iliyopasuka, nikalazimika kuiandika.

Akainua macho. Nadhani aliniona. Nadhani hata alitabasamu, au ni mwanga kwenye miwani. Nikapanda tena haraka. Chumba kilikuwa kimya kama nilivyokiacha. Nimelia kidogo, si sana. Kisha nikaandika taarifa ya ngazi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimelala vizuri, kwa sababu nimepata jawabu.

Mkurugenzi amekataza uhakiki. Ukaguzi hakuukataza. Na kwenye mpango wetu wa bima kuna fungu la miwani, halijaguswa na mtu miaka yote hii. Nani atalalamika? Miwani si nyonga. Hakuna aliyelazwa ukutani kwa ajili ya miwani.

Kwa hiyo nimeandika: mtumishi mwenye miwani mipya afike mwenyewe, ana kwa ana, akiwa ameivaa, ili ikaguliwe na afisa. Asipofika, fungu lake la miwani linasimama. Hilo tu, basi, nyonga ziko salama. Nimeupeleka waraka kwa mtu mmoja tu. Wiki nzima nimetafakari nilipokosea mara ya kwanza, na sasa nimepaona: niliita watu wengi mno.