Baba, Sogea Kidogo

Ukuta ulikuwa umepakwa rangi upya, mweupe pe, hauna hata msumari. Watu wengine walioingia ukumbini mchana ule wa Jumapili waliona ukuta. Fleshi aliona chumba cha kulala.

Hakuwa amerukwa na akili. Mbele ya ukuta alisimama mwenye ukumbi, mikono kiunoni, akimweleza kiongozi wa bendi kwamba ukumbi unatimiza miaka kumi na yeye anataka ukuta mzima ujae picha za muziki uliopigwa mle ndani. Mpigapicha wa kukodi alikuwa amemtajia bei, na bei ile ilimfanya akae chini aombe maji.

"Sasa nimeamua hivi," alisema. "Atakayenijazia ukuta huu, chumba kile cha nyuma ya jukwaa ni chake. Akifanye studio, akilale, shauri yake. Kodi sitaki."

Fleshi, aliyekuwa hatua tatu kutoka hapo akijifanya anafunga kamba ya kiatu, alisikia lile neno "akilale" likimwingia mpaka kwenye mbavu. Mbavu zake zilikuwa na sababu. Kwa miezi minane zilikuwa zinalala juu ya kochi la dada yake, muuguzi mwenye maneno machache, na juzi maneno hayo machache yalikuwa yametoka: "Mwisho wa mwezi, kaka, kochi langu nalitaka. Nililinunua la kukalia, si la kufugia."

Akasimama, akaiweka kamera kifuani kama inavyowekwa nishani.

Hapa lazima tuieleze kamera ile, maana ndiyo iliyomlisha. Ilikuwa kubwa, nyeusi, yenye lenzi ndefu ya kutia adabu, na ilikuwa imekufa zamani. Kioo cha mbele kilikuwa na ufa, ndiyo sababu kifuniko chake hakikutoka kamwe. Kilichobaki hai ni taa ya juu tu, yenye betri zake na kitufe chake. Fleshi alikuwa akiiinua, anafumba jicho moja, anabonyeza kitufe, na mwanga unapasuka, pwaa! Aliyemulikwa machoni haoni kifuniko. Kwa mwanga huo aliingia bure kila Jumapili, akala sahani moja na bendi, akanywa soda za watu waliotaka watokee vizuri. Mtu akiuliza picha yake iko wapi, aliambiwa inasafishwa. Zilikuwa zinasafishwa kwa miaka mitatu. Zingekuwa nguo zingeshatoboka.

"Mzee wangu," alisema Fleshi, "umesimama mbele ya ukuta unatafuta picha, na picha zimesimama nyuma yako."

Mwenye ukumbi akageuka. "Wewe? Mimi umenipiga mara ngapi, na sijaona hata kidole changu."

"Ndiyo maana hujaziona, mzee. Ningekugawia moja moja kama karanga? Nilikuwa nakuwekea. Miaka kumi ya ukumbi huu, wewe katikati, kifua mbele. Kitu cha wajukuu."

Mwenye ukumbi alikuwa mtu mgumu wa kutoa, lakini neno "kifua" lilikuwa na ufunguo wake. Bila kujua, alikitoa palepale. "Na utataka malipo gani?"

"Malipo?" Fleshi alionyesha uso wa mtu aliyetukanwa. "Nipe hicho chumba tu, nijibanze."

Wakapeana mikono, kila mmoja akiwa na hakika kwamba amempiga mwenzake changa la macho. Maonyesho yatafunguliwa Jumapili ya pili. Kilichokosekana ni kitu kimoja kidogo tu, nacho ni picha.

Usidhani Fleshi alikuwa amesahau. Alipokuwa akisema alikuwa tayari anamfikiria mama mshonaji.

Mama huyu ndiye aliyeishonea bendi mashati yake, na aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa na sindano kwenye ukosi kwa ajili ya vifungo vya dharura. Alikuwa na kamera ndogo ya filamu, aliyoifunga kwa kipande cha bitana, na alipiga picha kwa sababu alipenda tu. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemlipa. Alikaa safu ya tatu, kiti cha pembeni, hakutumia taa kwa kuwa taa, alisema, inamtoa mwimbaji kwenye wimbo. Alingoja. Bendi ilipiga nyimbo nne, yeye akabonyeza mara moja. Fleshi alimjua zaidi kwa sauti, maana kila Jumapili, akiwa amesimama mbele na kamera yake maiti, alisikia nyuma ya mgongo wake: "Baba, sogea kidogo."

Hakuwahi kusogea. Mtu wa kazi hasogei.

Kesho yake alipanda ngazi hadi chumbani kwa mama. Cherehani ilikuwa dirishani, vipande vya nguo sakafuni, na juu ya kabati kopo la biskuti lililojaa negativu ndani ya bahasha, kila bahasha na mwaka wake. Mama alikuwa anashikiza herufi kubwa nyekundu kwenye kitambaa cheupe, kirefu kupita meza.

"Mama, wewe na mimi ni watu wa fani moja," alianza Fleshi.

"Kumbe nawe unashona?"

"Picha, mama."

"Aa." Akamsogezea kigoda. "Kaa, baba."

Fleshi akakaa, akafungua mdomo, na asali ikamwagika. Alisema jicho kama la mama halizaliwi mara mbili. Alisema ni aibu ya mji mzima picha zile kulala kwenye kopo la biskuti. Yeye amepewa ukuta, angeweza kuujaza peke yake, lakini dhamiri imemkataza. "Zitatundikwa zako, mama. Na jina lako juu, herufi kubwa kubwa."

Mama akasimamisha mkono. "Herufi kubwa?"

"Mpaka kipofu asome."

"Za rangi gani?"

"Utakayo mwenyewe."

"Nyekundu huonekana vizuri," alisema mama, akakata uzi kwa meno. Kisha akashusha kopo, akavuta ukanda mmoja wa filamu, akampa. "Tazama kwanza."

Fleshi aliuinua dirishani. Kwenye negativu kila kitu huwa kinyume: meno meusi, nywele nyeupe, watu wote mizuka. Hakuelewa hata kimoja.

"Safi sana. Hapa mwanga umetulia."

"Umeshika juu chini, baba."

"Msanii hutazama pande zote," alijibu bila kupepesa.

Mama alimwangalia kwa muda, uso wake mpole. "Utachagua mwenyewe?"

"Chagua wewe. Jicho lako naliamini kuliko langu."

Basi mama akaketi na kopo lake, akachambua polepole, akiinua na kurudisha. Alitenga kumi na mbili. "Humu zimo nzuri kuliko hizi," alisema, "lakini hizi ndizo zinazokufaa wewe. Nakuomba kitu kimoja tu. Zikishasafishwa, zitazame kabla hazijatundikwa."

"Nitazitazama, mama. Haki tena."

Aliona aibu. Tusimwonee, kweli aliona, kuanzia mlangoni mpaka ngazi ya mwisho. Mama alikuwa amempa chai na hakuuliza swali hata moja. Lakini barabarani alikutana na muuza magodoro, akakumbuka mwisho wa mwezi, na aibu ikampisha.

Fundi wa studio alitumiwa negativu na maagizo: zikuzwe ziwe kubwa kama milango, mwenye ukumbi ndiye mteja. Siku ya tatu alimwita Fleshi aje aone sampuli. Fleshi akajibu ana shughuli. Siku ya tano akamwita tena, mara hii akicheka kwenye simu, akasema, "Kaka, njoo uone, tafadhali." Fleshi akamwambia asafishe tu, kucheka acheke baada ya kazi.

Na asubuhi ya maonyesho, picha zilipofika zimefungwa kwa karatasi, wapiga misumari walipokuwa wakizipandisha ukutani nyuma ya kitambaa, mpigapicha alikuwa wapi? Alikuwa njiani, godoro kichwani, anahamia. Alilitandika kwenye chumba cha nyuma ya jukwaa, akalala juu yake dakika tano kulijaribu, akafunga mlango, akautia ufunguo mfukoni. Hakuna ufunguo uliowahi kumfurahisha hivyo. Alikuwa na mlango, na upande wa ndani ulikuwa wake.

Saa tisa ukumbi ulijaa. Bendi ilikuwa jukwaani, na dada yake Fleshi alikuwa amesimama karibu na mlango na sare yake ya kazi, mikono kifuani, kama mtu aliyekuja kuthibitisha jambo. Ukuta wote ulifunikwa kitambaa cheupe chenye herufi nyekundu: PICHA NA FLESHI.

Fleshi alizisoma herufi zile akafurahi. Alizisoma tena, na safari hii kitu kilimbisha hodi kichwani. Nyekundu. Cheupe. Kirefu kupita meza. Akamtafuta mama kwa macho. Alikuwa safu ya tatu, kiti cha pembeni, kamera yake mapajani. Kitambaa kile kiliagizwa na mwenye ukumbi, na mji huu una mshonaji wake. Ina maana alipokuwa akiahidiwa jina lake, alikuwa ameshika la Fleshi mkononi.

"Wageni wetu!" alinguruma mwenye ukumbi, na kamba ikavutwa.

Kwanza watu walistaajabu. Zilikuwa picha hasa. Mpuliza tarumbeta mashavu yamejaa, jasho limesimama juu ya nyusi. Mwimbaji amefumba macho, mkono hewani, kama anashika neno lisianguke. Mpiga ngoma amecheka peke yake. Fleshi naye alizitazama kwa mara ya kwanza, na kwa nukta moja alisahau yote, akasema moyoni kwamba ni nzuri.

Halafu akajiona.

Alikuwa kwenye ya kwanza, kona ya kushoto, kiwiko na kamera. Kwenye ya pili, mgongo mzima. Kwenye ya tatu alikuwa amegeuka upande, anapokea soda. Yumo kwenye zote kumi na mbili, mkubwa kama mlango.

"Fleshi," aliita mpiga ngoma kutoka jukwaani, "hizi umepiga wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Na huyu ni nani?"

"Kamera za siku hizi zina saa," alisema Fleshi. "Unaitega, unakwenda kusimama mbele."

"Kamera ipi? Si umeishika!"

Ukumbi ukaanza kutikisika kwa kicheko. Mwimbaji alikuwa ameshuka jukwaani, amesogeza pua mpaka kwenye picha ya tano. "Jamani! Kifuniko! Tazameni kifuniko!"

Kweli, katika zote, lenzi ile ndefu ilikuwa imefungwa. Na ya saba ndiyo ilimaliza kazi, maana humo mwenye ukumbi alionekana mzima mzima, kifua mbele, kidevu juu, anapigwa picha na kamera iliyofungwa.

Mwenye ukumbi akamgeukia Fleshi. "Kitoe," alisema.

"Mzee wangu..."

"Hicho kifuniko. Kitoe."

Fleshi akakitoa. Kipande cha kioo kikadondoka sakafuni, na kila mtu akakisikia.

"Nani kapiga hizi?" aliuliza mwenye ukumbi.

Mama mshonaji akasimama. "Nilimwomba asogee miaka mitatu," alisema kwa upole. "Hakusogea. Nikaona basi, nipige hivyohivyo." Akaenda kwenye kitambaa kilicholala chini, akashika ncha ya uzi, akavuta. Neno PICHA alikuwa amelishona kwa cherehani. Yaliyobaki alikuwa ameyapiga bandi tu, mshono ule wa kushikiza kwa muda, na jina la Fleshi likaachia herufi moja baada ya nyingine.

Fleshi alitoa ufunguo kabla hajaombwa. Hilo tumhesabie. Mwenye ukumbi alimkabidhi mama palepale, kwa masharti kwamba kwenye kopo zitafutwe nyingine za kutundika. Bendi ikakataa. Watu wakakataa. Wakasema picha zibaki, hasa ya saba, na mwenye ukumbi alipoona watu wanapanga foleni kuitazama, akakumbuka kwamba foleni huingia kwa tiketi.

Dada akamfikia kaka yake, machozi ya kicheko yakimtiririka. "Mimi nilifikiri unanidanganya peke yangu," alisema. "Kumbe hukubagua. Godoro liko wapi?"

"Humo chumbani."

"Lirudishe nyumbani. Nakupa mwezi mmoja, nimalize kucheka."

Kwa hiyo Fleshi alitoka chumbani na godoro kichwani, na kwa kuwa mlango wa nyuma ulijaa ngoma, ilimbidi apite mbele ya ukuta, mbele ya picha zake zote. Alipita haraka, uso chini, masikio yakimwaka. Aliona aibu, na safari hii haikuishia kwenye ngazi.

"Baba!" sauti ikaita nyuma yake, kutoka safu ya tatu.

Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, Fleshi aliruka pembeni. "Nimesogea, mama! Nimesogea!"

Mama alikuwa ameshainua kamera yake ndogo, bitana ikining'inia.

"La, baba," alisema. "Leo usisogee."

Na akabonyeza, mara moja tu.