Kigingi Chenye T

Jumatatu, 5 Novemba 2012, Palma, Msumbiji
Joto limeanza, mvua bado sana, na bustani ya marehemu mama mkwe haina mwenyewe. Leo Ami Faquir, mkubwa wa ukoo wa mume wangu, ameamua. Kaigawa kwa kamba: nusu yangu, nusu ya wifi yangu Ancha. Atarudi Ijumaa ya tarehe 23. Ambaye upande wake utakuwa umestawi, atachukua yote. Nilijizuia nisicheke. Ancha! Mwanamke anayeongea na bamia! Bustani ni yangu. Tunasubiri tarehe tu.

Jumatano, 7 Novemba
Ancha ametandaza majani makavu kwenye matuta, eti udongo usikauke. Uchafu mtupu. Miche yake kaifunika makuti, imelala kivulini kama wagonjwa. Mimi nimetumia njia ya mkato: samadi mbichi ya kuku, magunia matatu, kutoka bandani moja kwa moja. Ancha akaniambia taratibu, "Wifi, iache kwanza ipoe. Itaunguza." Wivu huo. Nikamshukuru kwa adabu, nikaongeza gunia la nne.

Jumapili, 11 Novemba
Nyanya zangu zimeungua zote. Mchicha pia. Jua la mwaka huu ni kali mno.

Jumatatu, 19 Novemba
Balaa! Tangu gesi ionekane baharini, Palma imejaa watu wa kupima. Leo Ancha kaenda kulala msibani, na huku wamepita wawili wenye kofia ngumu, wakapigilia kigingi chekundu katikati ya upande wangu, wakaenda zao bila neno. Kina herufi T. Kireno nakijua, nilifika darasa la sita: T ni tirar, kuondoa. Wanaiondoa bustani yangu! Nililia robo saa nzima. Kisha nikakitazama vizuri. Kigingi ni kijiti tu. Kinang'oka.

Jumanne, 20 Novemba
Asubuhi Ancha alitoka msibani akaenda mazikoni. Nikakihamisha kigingi, nikakipigilia katikati ya bamia zake, nikafagia nyayo. Kazi safi! Aliporudi akakiona, akakaa chini palepale. Akauliza ni nani kakiweka. Nikamwambia ni watu wa gesi, na hawabishiwi. Nikampelekea chai, maana mimi si mtu mbaya. Akasema, "Hapa ndipo mama aliponifundisha kupanda, wifi. Wakipachukua, niende wapi?" Nikakaa naye mpaka akamaliza chai, nikamwonea huruma kidogo. Lakini Ijumaa inakaribia.

Alhamisi, 22 Novemba
Wamerudi na gari, mabomba na saruji. Nikatoka na kanga mpya, tayari kumfariji Ancha. Fundi wao, Fábio, akauliza upande wenye kigingi ni wa nani. Haraka sana nikamnyooshea kidole Ancha. Fábio akampa mkono na kumpongeza! T ni torneira. Bomba la maji la mtaa mzima! Na mwenye eneo ndiye mshika ufunguo. Nikasema labda kigingi kimesogea. Fábio akaniuliza nimejuaje. Nikasema nimeuliza tu. Nikaingia ndani, nikajilaza mpaka magharibi.

Ijumaa, 23 Novemba
Ami Faquir kaja baada ya sala. Akatazama upande wa Ancha: nyanya zimefungwa kwenye miti, bamia zimetoa maua, maji yanatiririka. Akatazama upande wangu. "Chamima, mwanangu, bado hujaanza?" Basi, bustani yote kwa Ancha. Hapo Ancha akasimama. "Ami, mwachie wifi nusu yake. Siku nilipokuwa na huzuni, yeye ndiye aliyekaa nami." Ami akakubali. Nilikuwa karibu kusema kweli. Karibu kabisa! Lakini Ami alikuwa ameshaanza kula, na si heshima kumkatiza mkubwa.

Jumapili, 25 Novemba
Ancha amekwenda harusini, kisiwani Rongui, siku tatu. Kaniachia ufunguo wa bomba. Kanikumbatia, kasema hana mwingine wa kumwamini. Niliona aibu mpaka uji ukanishinda. Nikaapa: hila basi, sitamchezea tena. Kisha nikapanda maboga kumi na mawili mpakani kabisa, nikayanywesha mpaka yakatosheka. Yakitambaa kwenda upande wake, hiyo si hila. Hiyo ni tabia ya maboga.